Pickup ya zamani kwenye upepo: nichukue kontrola ya presha tu au yenye sensa za kimo?

#1 Mpogoro wa Houston
Habari za humu wakuu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Nina Chevrolet C10 ya 1971, pickup ya bodi fupi. Koili zote nne zimeshatoka, maputo ya upepo yamekaa mahali pake, shokapu nimezihamisha, na chesisi ya nyuma imekatwa kwa umbo la C ili ekseli ipate pa kupanda gari likilala. Nina kompresa mbili za Viair 444C na tangi la galoni 5, kama lita 19 hivi. Kilichobaki ni kontrola, yaani ubongo wa kuingiza na kutoa upepo kwenye maputo.

Mezani kuna njia tatu. Air Lift 3P, inayosoma presha ya kila puto na kuirudisha pale ulipoihifadhi. Air Lift 3H, ambayo ni hiyohiyo ila kila kona inaongezwa sensa ya kupima kimo. Au naachana na kompyuta kabisa: swichi, geji, basi. Kati ya 3P na 3H tofauti ni dola mia kadhaa, pamoja na kazi ya kufunga sensa nne kwenye gari ambalo halikutengenezewa sensa hata moja.

Matumizi: siku za kazi linatembea tupu. Jumamosi nachoma nyama kwenye shughuli za watu, kwa hiyo nyuma kunapanda jiko la chuma, mkaa na maboksi ya barafu. Na Februari nataka liwe tayari kwa maonyesho ya Lone Star Throwdown pale Conroe.

Tafadhali mtu asinijibu "inategemea". Hilo nimeshaambiwa na kila fundi wa hapa.

#2 Bwana Nati
Inategemea 😄

Haya, sasa kwa uzito. Chukua 3P ulale usingizi. Sensa zake za presha zimo ndani ya bloku ya valvu, hakuna kitu kinachoning'inia kule chini kwenye tope na mawe. Unafunga bloku, paipu nne, waya, umemaliza. Ukiona haikutoshi, 3P inaongezewa sensa za kimo inakuwa 3H, hutupi kitu. Mimi ningeanza hapo.

#3 Dereva wa Tunduma
Vijana mnahangaika bure. Trela langu lina mabaluni na halina kompyuta. Kwenye ekseli kuna kifimbo kimeshikana na mkono wa valvu. Mzigo ukipanda, chesisi inashuka, kifimbo kinausukuma ule mkono, upepo unaingia mpaka kimo kirudi. Mzigo ukishuka, valvu inatoa upepo. Hakuna fyuzi, hakuna simu. Kitonga tunapanda na kushuka miaka yote, balaa ni tairi, siyo baluni.

#4 Nyundo Tatu
#3 mzee wangu shikamoo. Hiyo valvu ni nzuri, ila inajua kimo kimoja tu. Mpogoro anataka gari lilale chini kabisa kwenye maonyesho. Akitoa upepo, kifimbo kitaona chesisi imeshuka, kitafungua upepo uingie tena. Wataanza kugombana yeye na valvu mpaka tangi liishe. Labda aweke valvu ya umeme ya kuukata ule upepo kwanza, na hapo tayari umeshajenga kompyuta ya kienyeji.

#5 Dereva wa Tunduma
Marahaba. Sasa gari lilale chini linatafuta nini huko?

#6 Kasuku wa Kijiweni
Linatafuta picha mzee. Hujaona vijana wa siku hizi?

Halafu mimi swali langu ni dogo: nyama choma inauzwaje huko Houston?

#7 Kipimajoto
Tuache utani tuangalie namba, maana ndipo jibu lilipo.

Puto linabeba uzito kwa presha mara eneo linalofanya kazi. Chukua puto la duara mbili la kawaida, kwenye kimo cha kuendeshea eneo lake ni kama inchi za mraba 28. Mpogoro akipakia kilo 300 nyuma, kila upande unapata 150, sawa na paundi 330. Gawanya kwa 28: unahitaji karibu psi 12 zaidi ili gari libaki palepale. Sasa 3P umeihifadhia, tuseme, psi 45 wakati gari ni tupu. Jumamosi umepakia jiko, unabonyeza namba yako, kompyuta inasoma, inaona 45, inasema kazi imekwisha. Gari limelala nyuma na bampa linasugua.

Presha inakuambia uzito. Kimo haikuambii. Kwa mtu anayebeba mzigo leo na kesho hana, 3H.

#8 Bwana Nati
#7 hesabu safi, lakini 3P ina nafasi nane za kuhifadhi. Namba moja "tupu", namba mbili "nyama". Tatizo liko wapi?

#9 Kipimajoto
Tatizo mkaa unaisha na barafu inayeyuka.

#10 Jamaa wa Grogan
😂😂 Hiyo imeingia.

Wasee, pia hesabu ya #7 iko na kona. Kwa C10 ya hiyo miaka nyuma kuna zile mikono mirefu miwili inashika ekseli kutoka katikati ya chesisi. Watu wengi huweka puto juu ya mkono, mbele ya ekseli, si juu ya ekseli yenyewe. Hapo mkono unakuwa kama wenzo. Ukiweka puto kwa asilimia 80 ya urefu wa mkono, inabeba mara 1.25 ya uzito wa ekseli. Kwa hivyo si psi 12, ni kama 15. Mpogoro, puto zako ziko wapi?

#11 Mpogoro wa Houston
#10 ziko mbele ya ekseli, juu ya mikono, kama ulivyosema. Bahati nzuri hii ni Chevrolet, nyuma ilitoka kiwandani na koili. Jamaa yangu ana GMC ya mwaka huohuo, yake ina springi za pleti, ilibidi abadilishe nyuma nzima.

#6 nyama inauzwa vizuri, asante. Ndiyo inayolipia kompresa.

#12 Swichi Nane
Naona hakuna anayetetea njia ya tatu, ngoja nijitolee.

Valvu nane, mbili kila kona, moja ya kuingiza moja ya kutoa. Kisanduku cha swichi mkononi. Geji mbili zenye mishale miwili kila moja. Ukiona kona imeshuka unaipandisha kwa kidole. Kikiharibika kitu unajua ni valvu gani, unabadilisha hiyo moja pembeni ya barabara. Kompyuta ikigoma unaita fundi wa laptopu.

Na mwaka 2020 AccuAir wa California, waliokuwa wanasifika kuliko wote kwa mfumo wa kimo, walifunga. Arnott wakainunua mwaka huohuo na bidhaa zikarudi, sawa. Lakini fikiria wewe ndiye umefunga mfumo wao mwezi mmoja kabla, unatafuta moduli, huoni wa kukuuzia. Swichi haifungi kampuni.

#13 Mama Spea
#12 umesema jambo ambalo hawa vijana hawapendi kulisikia. Mimi niko Gerezani, nauza fitingi na paipu za upepo za malori, huu mwaka wa ngapi sijui. Wateja wanakuja na mifumo ya ajabu, ukiuliza fitingi ni ya inchi au ya milimita hawajui. Paipu ya robo inchi na ya milimita 6 zinakaribiana, mtu anaisukuma ndani inaingia, anaondoka anafurahi. Kesho yuko hapa gari limelala.

Kwa hiyo baba, kabla ya ubongo, amua paipu. Robo inchi au 3/8?

#14 Mpogoro wa Houston
Mama shikamoo. Nimenunua 3/8 kote, gari linyanyuke haraka.

#15 Nyundo Tatu
Hapo nakutahadharisha. 3/8 inanyanyua kweli, watu wanapiga makofi. Lakini mfumo wa kutafuta kimo ukiwa na paipu nene na puto dogo, upepo unaingia mwingi kabla valvu haijafunga. Linapita, linatoa, linashuka kupita, linajaza. Utasikia ts, ts, ts kwenye taa nyekundu. Nyuma gari likiwa tupu ndiyo mbaya zaidi, hakuna uzito wa kulikandamiza. Mimi huweka 3/8 mbele kwenye injini na robo nyuma.

#16 Bwana Nati
Mifumo ya sasa inajifunza kasi ya puto wakati wa kuiseti, inafunga valvu mapema. Hiyo ts ts ni ya zamani.

#17 Nyundo Tatu
Inajifunza likiwa tupu. Jumamosi na jiko je?

#18 Bwana Nati
Kila kitu kwenu ni jiko.

Nina hoja nyingine ya kutetea 3P, ya baridi. Usiku Houston ikipoa, presha ndani ya puto inashuka. Asubuhi 3P inaona presha imeshuka inaongeza, gari linarudi. Kwa hiyo hata bila sensa ya kimo mfumo unajisahihisha.

#19 Kipimajoto
Hapana mkuu, hapo umegeuza. Presha ya puto inashikiliwa na uzito wa gari. Gari halikupungua kilo usiku. Hewa ikipoa inasinyaa, gari linashuka mpaka presha irudi ileile inayobeba uzito uleule. Kutoka nyuzi 35 mchana hadi 5 alfajiri, ujazo wa hewa unapungua karibu asilimia 10. Gari limeshuka, na 3P ikisoma inakuta namba ileile ya jana. Haioni kitu. 3H inaona.

Tangi ni hadithi tofauti. Lile halisinyai, lile kweli presha yake inashuka kwa baridi.

#20 Mtaa wa Saba
#19 uko sahihi kama eneo la puto halibadiliki. Lakini linabadilika, na hapa ndipo wengi wanapochanganyana.

Puto la duara mbili, lile la umbo la maandazi mawili, likishuka linatanuka, eneo linaongezeka. Kwa uzito uleule, chini linahitaji presha ndogo kuliko juu. Kwa hiyo presha na kimo vinakwenda pamoja kwa kiasi fulani, na 3P inaweza kuhisi gari limeshuka. Puto la soksi, lile linaloviringika juu ya pistoni iliyonyooka, eneo lake karibu halibadiliki. Lile unaweza kulishusha inchi mbili na geji isicheze. Aliyefunga puto la soksi akachukua kontrola ya presha tu, amenunua miwani ya kipofu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa Mpogoro si 3P au 3H. Ni puto gani?

#21 Mpogoro wa Houston
Mbele duara mbili. Nyuma soksi 😬

#22 Mtaa wa Saba
Basi mbele 3P ingekuhudumia, nyuma inakuhitaji 3H. Ukipata mtu wa kukuuzia nusu kontrola nijulishe.

#23 Mswahili wa Muscat
Assalaam alaykum. Nimesoma ndugu zangu, mnazungumza ubongo, moyo mnausahau.

Hapa kwetu kiangazi joto linapita 45. Kwenye boksi la 444C imeandikwa asilimia 100 ya muda wa kazi, watu wanadhani inafanya kazi mchana kutwa. Soma maandishi madogo: ni kwenye psi 100, na joto la nyuzi 22 hivi. Wewe utajaza tangi mpaka 150 au 175, kompresa zimefungiwa kwenye sanduku la nyuma lisilopitisha upepo, juani. Ndani ya kompresa kuna swichi ya joto, inakata. Kijana anadhani fyuzi, anabadilisha fyuzi, bado. Akienda kunywa chai akirudi inawaka yenyewe.

Na mfumo wa kimo unakula upepo zaidi, kwa sababu kila ukishusha abiria, kila ukiegesha pabaya, unasahihisha. Hilo mlifanyie hesabu nalo.

#24 Swichi Nane
#23 naam. Na kila kompresa inakula karibu ampia 20. Mbili ni 40. Alternata ya 1971 ilitengenezwa kuchaji betri na kuwasha taa, haikuambiwa habari za kompresa. Rilei kwa kila kompresa, waya mnene, ethi iende kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

#25 Mzee wa Leyland
Vijana mnadhani haya mambo ni mapya. Mwaka 1953 General Motors tayari walikuwa na mabasi ya upepo, na 1954 Greyhound wakaingiza Scenicruiser, basi la ghorofa moja na nusu, linaelea barabarani. 1957 Cadillac wakaweka upepo kwenye Eldorado Brougham, kwa valvu za vifimbo kama za Dereva wa Tunduma. Zilivuja, na wengi walizing'oa wakarudisha koili. Wafaransa wao waliwatangulia, Citroën DS ya 1955 ilikuwa gari la kwanza la upepo.

#26 Kipimajoto
Shikamoo mzee. DS haikuwa ya upepo, ilikuwa mafuta yanayosukuma naitrojeni ndani ya matufe. Na hata hiyo teknolojia ilianzia mwaka mmoja nyuma, 1954, kwenye ekseli ya nyuma ya Citroën 15-Six. Ya Cadillac uko sawa.

#27 Mzee wa Leyland
Marahaba. Naitrojeni siyo upepo? Unaivuta wewe sasa hivi.

#28 Kasuku wa Kijiweni
Mzee kashinda 😂

#29 Jamaa wa Grogan
Hapa Nairobi babangu alikuwa na gari moja kubwa la kifahari, mkoloni haswa, lenye upepo wa kompyuta na sensa za kimo. Sensa moja ikakwama. Kompyuta ikaamini kona ya kushoto iko juu sana, ikaitoa upepo. Gari likasimama kama limepiga goti kanisani. Kila fundi alibadilisha puto, puto zilikuwa nzima. Mwisho mzee akaweka koili.

Kwa hivyo mimi napenda kimo, lakini sensa ni mkono wa plastiki, iko karibu na gurudumu, inapigwa na mawe. Mtu asidanganye kuwa ni bure.

#30 Nyundo Tatu
Na jinsi ya kuifunga ndiyo siri. C10 ina fimbo moja ya kuzuia ekseli isiende pembeni, ya kiwandani ni fupi. Gari likishuka sana ile fimbo inaivuta ekseli upande. Ukifunga kiungo cha sensa kwenye ekseli, kinasokotwa pembeni, kinakatika. Kifunge kwenye ule mkono mrefu, karibu na puto. Halafu zungusha gari kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa, hakikisha mkono wa sensa haufiki kwenye mstari mmoja na kiungo chake. Ukifika hapo unaweza kujigeuza, na kompyuta itasoma juu kuwa ni chini.

#31 Mpogoro wa Houston
Asanteni, mmenifungua macho. Sasa leo nimepima kabla ya kununua chochote, nikitumia geji za muda na valvu za mkono. Nimekutana na jambo.

Gari tupu, gereji sakafu imenyooka. Nyuma kulia psi 50, nyuma kushoto psi 50. Kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia inchi 13, kushoto inchi 12 na robo. Presha ileile! Nimebadilishana geji kulia na kushoto, ni vilevile. Tatizo ni nini? Na je, hii inanisukuma kwenye 3H?

#32 Bwana Nati
Dereva. Ulikuwa umekaa ndani?

#33 Mpogoro wa Houston
Nilikuwa nimelala sakafuni na futi mkononi.

#34 Mtaa wa Saba
Puto la soksi, kama nilivyosema #20. Tofauti ndogo ya uzito inaonekana kama tofauti kubwa ya kimo. Betri ya C10 iko upande gani? Tangi la mafuta nalo, la kiwandani liko ndani ya kabini nyuma ya siti, ila wengi wanalihamishia chini ya bodi upande mmoja.

#35 Mpogoro wa Houston
Tangi nimelihamishia nyuma katikati. Betri iko nyuma kushoto, pembeni ya kompresa. Na kompresa zote mbili ziko kushoto.

#36 Kipimajoto
Betri na kompresa hazifiki kilo 40 zote pamoja. Kwa robo tatu ya inchi sidhani zinatosha peke yake. Mimi nashuku msuguano. Bushi zako ni mpira au zile ngumu za plastiki? Ngumu zinang'ang'ania. Fanya hivi: panda kutoka psi 30 hadi 50, pima. Kisha panda hadi 80, shuka hadi 50, pima tena. Kama vimo vinatofautiana kwenye psi 50 ileile, gari linakwama njiani, na hapo kontrola ya presha haitakupa kimo kimoja mara mbili hata siku moja.

#37 Jamaa wa Grogan
Ama ni chesisi. Pickup ya 1971, uliikata ule umbo la C upande mmoja ukachomelea, kisha upande wa pili? Joto la kuchomelea linavuta chuma. Pima chesisi kwanza kwa pembe mkabala, kushoto mbele hadi kulia nyuma, kisha kinyume.

#38 Dereva wa Tunduma
Vikalio vya baluni haviko sambamba. Baluni likikaa limeinama, upande mmoja unabanwa. Nimeona kwenye trela, fundi alichomelea kikalio macho yamefumba.

#39 Mama Spea
Mimi nasema inavuja kushoto. Sabuni ya kuoshea vyombo na maji, paka kila fitingi, subiri. Kabla ya bushi na chesisi.

#40 Bwana Nati
Mama, ikivuja geji si ingeonyesha?

#41 Mtaa wa Saba
Puto la soksi, Bwana Nati. Linavuja, linashuka, geji inasoma ileile kwa sababu uzito ni uleule. Tumeshayasema #19. Hili la Mama Spea msilidharau.

#42 Mpogoro wa Houston
Nimefanya ya #36. Mbele: kupanda na kushuka tofauti ni kama moja ya nane ya inchi, hakuna cha kulalamika. Nyuma kulia karibu robo. Nyuma kushoto nusu inchi nzima. Sabuni nimepaka, fitingi moja ya kushoto inatoa mapovu madogo sana, ya kuhesabu. Bushi nyuma ni zile ngumu. Pembe za chesisi zinatofautiana moja ya nane.

#43 Kipimajoto
Msuguano. Nilisema.

#44 Mama Spea
Mapovu. Nilisema.

#45 Jamaa wa Grogan
Moja ya nane kwa chesisi ya miaka hamsini na kitu ni zuri sana, naondoa langu mezani. Lakini kikalio cha #38 bado.

#46 Swichi Nane
Kila mtu amepata alichokuwa anakitafuta. Mpogoro hajapata kontrola.

#47 Bwana Nati
Mimi bado nasimamia 3P, ila sasa kwa masharti: legeza bolti za ile mikono mirefu, weka gari kwenye kimo cha kuendeshea, kaza hapohapo. Kama ni mpira hii inasaidia sana, zile ngumu angalau paka grisi. Ukishapunguza msuguano, presha itakuwa mwaminifu.

#48 Kipimajoto
Na mimi nasimamia 3H, kwa sababu hata ukipaka grisi jiko litapanda Jumamosi.

#49 Mswahili wa Muscat
Ndugu yangu Mpogoro, yoyote utakayochukua, weka chujio la maji kati ya kompresa na tangi, na koki chini ya tangi. Houston na Muscat na Dar zote ni miji ya unyevu. Hewa ya pwani ukiibana inatoa maji kama ndimu. Yakifika kwenye bloku ya valvu, sensa ya presha na sensa ya kimo zote ni bure.

#50 Mpogoro wa Houston
#49 kweli kabisa. Ile baridi ya Februari 2021, Texas ilipoganda, jamaa mmoja hapa valvu zake zilishikwa na barafu zikiwa wazi. Maji ya tangini.

Nimeamua hivi kwa sasa: naagiza 3P, natengeneza vikalio vya sensa wakati chesisi iko wazi, napitisha na waya kabisa, ila sensa zenyewe sinunui mpaka nione Jumamosi mbili tatu na mzigo. Bushi nabadilisha. Fitingi nakata upya paipu.

#51 Kipimajoto
Yaani 3H ya mkopo.

#52 Dereva wa Tunduma
Kifimbo na valvu ni bei ya chakula cha mchana.

#53 Jamaa wa Grogan
Ukirudi nyumbani usijaribu kuileta Kenya. Sheria ya miaka 8, na usukani uko kushoto. Itakaa bandarini Mombasa imelala bila upepo.

#54 Msomaji Kimya
Samahani kuingilia uzi wa watu. Mimi nina Toyota Noah, nataka nyuma tu iwe ya upepo kwa ajili ya mizigo ya mama watoto, sokoni. Mbele ibaki koili. Inawezekana, au nayo ni 3H?

#55 Nyundo Tatu
Inawezekana, na wewe huhitaji lolote kati ya yaliyosemwa hapo juu. Koili ya nyuma ya Noah, kuna puto dogo linaloingia katikati yake, unajaza kwa pampu ya baiskeli.

#56 Mama Spea
Njoo Gerezani na kipenyo cha ndani cha koili, kimepimwa kwa milimita. Siyo picha ya simu.